Mwezi Ndani ya Simu

Kwenye hiace ya kutoka Rumonge, kijana mmoja alimpa simu mama muuza ndagala aliyekaa kando yake. “Kampuni yetu ilianza na programu za famasi, mama. Sasa tunatoa na michezo. Hii ya kwanza, ni kuvua ndagala kwa taa.”

“Mbona mwezi umejaa?” mama akauliza akitazama mchezo. “Mwezi ukiwaka, ndagala haifuate taa. Wavuvi wanalala kwao.”

“Lakini iko muzuri, mama. Wachezaji wanaupenda.”

“Na mimi naupenda! Ni siku zile tu bwana yangu haendi kuvua, analala nyumbani.”

Sisi wengine tukajifanya tunatazama ziwa. Gari likasimama Muhuta. Mama akashuka, akagonga kioo akicheka: “Muuzime huo mwezi, ao munirudishie bwana yangu!”