Nafasi ya Thelathini na Saba

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, ukitazamana na ukuta wa shule ya serikali, ile inayochukua watoto wa mjini waliofaulu vizuri na kuwanoa miaka minne mpaka waingie chuo kikuu. Kila siku saa nne asubuhi Shangazi huweka birika lake la kahawa pale, na wenyewe hujikusanya mmoja mmoja: Jaji, ambaye hajawahi kuwa jaji ila alikuwa mhudumu wa mahakama mpaka akastaafu, Redio, kinyozi wa kibanda cha jirani, na Brashi, mwandika mabango. Wiki hiyo Brashi alikuwa kazini hatua ishirini tu kutoka kijiweni. Kila mwaka shule humwita aandike ukutani majina ya waliopata nafasi vyuoni. Mwaka wa kwanza yalikuwa matatu, akamaliza kabla hajasikia njaa. Safari hii kapewa sitini na mawili, darasa zima la mwisho, na orodha hiyo ndiyo iliyomfanya avuke barabara akiwa na rangi hadi kwenye nyusi.

— Hebu tazameni hapa, alisema, akaiweka karatasi juu ya ubao. — Namba thelathini na saba.

Redio akasoma kwa sauti:

— "Acha nafasi ya jina moja."

— Labda wamesahau, alisema Shangazi.

— Wangesahau wasingeandika niache nafasi. Halafu orodha inakwenda kwa alfabeti. Kwa hiyo jina lipo, na mahali pake panajulikana.

— Umemuuliza mwalimu mkuu?

— Nimemuuliza. Kasema, "Acha kama ilivyoandikwa, fundi," akaingia zake darasani.

Jaji akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayetaka kusomea watu hukumu.

— Hiyo ni kesi. Wanafunzi wawili wana jina moja, na barua ya chuo imekuja moja. Kila mmoja anasema ni yake. Hapo mahakama imeweka zuio, jina lisiandikwe mpaka shauri liishe.

— Mahakama gani inakaa kwa ajili ya ukuta? aliuliza Redio. — Mimi nakwambia ni mwalimu mkuu mwenyewe. Hamjamwona anavyotembea na madaftari kifuani? Yule mama anasoma kwa siri. Ameomba chuo, amepata, sasa anaona haya kujiandika pamoja na wanafunzi wake.

— Au ni binti mwenye mchumba, alisema Shangazi. — Anasubiri ajue atatumia jina la nani.

Redio hakupenda kupitwa. Alisogea karibu, akashusha sauti.

— Sikilizeni. Ni mwanafunzi hewa. Walimu walimsajili mtu asiyekuwepo, ili wawapime wasahihishaji wa mtihani. Sasa kafaulu, hawajui wamfanye nini.

— Kafaulu vipi na hayupo? aliuliza Jaji.

— Hapo ndipo ujue ile shule ina walimu.

Wakacheka, hata Brashi. Lakini moyoni hakuwa ametulia. Alikuwa ameshapiga mistari kwa uzi wa chaki, amefika thelathini na sita, na kila akiitazama ile nafasi tupu mkono ulikuwa mzito kuiruka. Alitaka kujua ni ya nani.

Wanafunzi walipotoka kwa mapumziko, msichana mmoja wa darasa la mwisho alivuka barabara akaja moja kwa moja kijiweni. Wanafunzi wa pale hawana desturi hiyo. Hupita wakiwa wamefungua vitabu, midomo inakwenda, mpaka madereva huwapisha wao.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Samahani, mjomba unayeandika majina ni yupi?

Brashi akainua mkono wake wenye rangi ya buluu.

— Nilitaka kujua kama ile nafasi umeiacha. Ni yangu.

Redio akakohoa. Shangazi akasogea, msichana akakaa pembeni, mfuko wa vitabu mapajani.

— Kumbe upo, Redio alisema kwa upole. — Umepata nini?

— Udaktari wa mifugo. Chuo kiko mbali, siku mbili kwa basi.

— Sasa kwa nini jina lisiandikwe?

— Sijawajibu bado. Mama anafua mashuka hospitali, zamu ya usiku. Wadogo zangu wawili nawaamsha mimi, nawaogesha mimi, shuleni nawapeleka mimi. Nimemwomba mwalimu asiniandike mpaka nijue. Chuo kimenipa mpaka mwisho wa mwezi.

Msichana akawatazama mmoja mmoja.

— Nikaona niwaulize nyinyi watu wazima. Mtu akienda kusoma mbali, wa nyumbani wanazoea baada ya muda gani?

Redio, ambaye kila siku ana majibu mawili kwa swali moja, akawa anafuta kikombe kilichokwishafutwa. Shangazi akamtazama Brashi.

— Sijui, Brashi alisema. — Dada yangu mkubwa aliondoka hivyohivyo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Ni mhandisi, ana watoto. Mpaka leo akipiga simu, kitu cha kwanza mama anamuuliza kama amekula.

— Na yeye anajibuje?

— Anasema amekula. Hata kama hajala.

Msichana alilifikiri hilo, akashukuru, akarudi shuleni.

Siku zilizofuata hakuna aliyetoa nadharia. Jaji alikuwa akisimamisha makondakta kuwauliza basi la kwenda huko linaondoka saa ngapi, na kama abiria hulala njiani. Shangazi alitaka kujua watoto wale wana umri gani, Redio anatafuta mtu wa kumuuliza daktari wa mifugo husomea miaka mingapi. Brashi alimaliza majina sitini na moja, akaosha vifaa, lakini mkebe wa rangi ya buluu akaufunga vizuri akauacha kwa mlinzi wa shule.

Siku ya mwisho ya mwezi alikuja kijiweni mwanamke mwenye aproni ya hospitali, vidole vimekunjamana kwa sabuni. Mkononi alikuwa na karatasi yenye sahihi ya mwalimu mkuu. Msichana alibaki ng'ambo ya barabara, kasimama getini.

— Wewe ndiye fundi? Niandikie huyu.

Brashi akaisoma karatasi.

— Ameamua?

— Jana kutwa alikuwa ananihesabia nani atawaogesha wadogo zake. Nikamwambia zamu nimeshabadilishiwa, ni ya mchana, na kuogesha watoto nilianza kabla yake. Akalia, kisha akauliza begi liko wapi.

Brashi alitazama ng'ambo. Msichana akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

Wakavuka wote, hata Shangazi, birika akaliacha peke yake. Brashi akapiga mstari upya, akafungua mkebe, akauliza kama mama ana lolote la kusema kabla hajaanza.

— Herufi ziwe sawa na za wenzake, mama alisema. — Zisizidi, zisipungue.