Philemon Khisa, Aliyemtafuta Wacera Mmoja Akapata Watatu

Wapendwa, mimi ni Murugi, shangazi wa mjane, na familia imenipa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu, ijapokuwa kuna waliosema nitaongeza chumvi, nao nawaona wamekaa pale mbele.

Mpendwa wetu Philemon Khisa alizaliwa tarehe 9 Mei 1932 huko Kimilili, mtoto wa tatu wa mama Selpha, akasoma shule ya misheni hadi mwaka wa 1949, akafunzwa kazi ya maabara Nairobi, na tarehe 3 Januari 1966 akaletwa Nyeri, akiwa na suti moja na hana bibi, jambo ambalo tulilizungumza sana.

Kazi yake ilikuwa kuchukua damu za watu wa huku kwetu Tetu kwa utafiti wa homa ya mafua, maana alinieleza mwenyewe kwamba kirusi cha homa hiyo kina aina nyingi, hujibadilisha kama mdaku anayefunga kitambaa kipya ili asijulikane, na kinga iliyo kwenye damu humtambua kwa kile kitambaa alichokuja nacho siku ile.

Mwaka wa 1969 damu ya Wacera wa kwa ndugu yangu Kingori, msichana wa miaka ishirini na miwili, ilipimwa Nairobi, ikaonekana inatambua homa ile iliyoua watu baada ya vita vya Mjerumani, kabla hata mama yake hajazaliwa, na daktari mkubwa akakasirika, akasema Khisa amechanganya chupa, na ati asipomleta mwenye damu hiyo kufikia Ijumaa, atafutwa kazi arudishwe kwao Kimilili.

Khisa akaja mbio, akasimama kwa lango letu akaita Wacera, wakatokea watatu, kwa sababu ndugu zangu wawili kila mmoja alimpa binti wa kwanza jina la mama yetu, kama ilivyo desturi, naye mama mwenyewe alikuwa hai na mdomo wake ulikuwa hai zaidi.

"Kijana, unamtaka wa kunyonya, wa kuolewa ama wa kuzikwa?" mama akamuuliza.

Khisa alimtazama huyo mzee wa zaidi ya miaka sabini, akaanza kucheka peke yake, akasema, "Mama, wa kuzikwa ndiye ataniokoa."

Ikajulikana kwamba siku ya kudungwa, Khisa akiita majina bila kuinua kichwa na mwenzake akidunga, mama aliitika upesi kuliko mjukuu, maana alikuwa amesikia kuna soda.

Walipimwa tena, damu ya mama ikaitambua ile homa ya kale, ya mjukuu ikatambua za juzi tu, Khisa akabaki na kazi yake, akaendelea kuja kwetu kila Jumapili, ingawa sindano hakubeba tena.

Tarehe 12 Desemba 1970 alimwoa Wacera wa kuolewa, ambaye mimi humwita mama kwa ajili ya jina, wakajaliwa mabinti wawili, Selpha na Watiri.

Aliugua figo kuanzia Machi 1988, akatuacha tarehe 14 Agosti, akiwa bado anamhimiza muuguzi amtazame mtu usoni kabla ya kuandika chupa.

Tunawashukuru madaktari, wenzake wa maabara, majirani waliopika, na zaidi ndugu zake waliotoka Kimilili wakitaka kumchukua akazikwe kwao, wakakaa nasi, wakamtazama Wacera na mabinti, wakasema, "Huyu ni wenu, alale hapa."

Basi Khisa, hakuna wa kukurudisha tena, pumzika kwetu kwa amani.