Namba Isiyosema Kitu

Ilikuwa 1967, mimi nina miaka thelathini na minne, maziwa yangu yalipokataliwa na chama chetu cha maziwa kule Dundori. Ndugu zangu wa chama hiki kipya, shule niliacha darasa la pili, lakini hili nalijua.

Lori lilikuwa linachukua mikebe barabarani, maziwa yanapimwa kiwandani, jibu linarudi kwa jina. Likarudi: maziwa ya fulani yana maji, asilete tena. Fulani ni mimi. Watoto wakafukuzwa shule kwa kukosa karo, maziwa wakanywa mbwa.

Nawaambia, nilishuku kila mtu. Dereva. Ndugu yangu. Hata mama watoto nilimvizia akikamua, akaniambia, "Kama unataka kukamua, kiti ndiyo hii."

Mwishowe nikaenda kiwandani mwenyewe. Karani akaita jina langu na la baba yangu. Nikaitika. Nyuma yangu mwingine akaitika.

"Hilo jina ulipewa na nani?" nikamuuliza.

"Na wazee. Ni la babu yangu. Kwani lako uliokota?"

Nanyi mnajua sisi: kila kifungua mimba hupewa jina la babu, ni babu yake amerudi. Kijiji kizima tuna majina kumi.

Nikaeleza habari ya maji. Yule bwana akaangalia mkebe wake, akasema polepole, "Karani, hayo maji ni yangu. Kwetu wanasuuza mkebe, hawamwagi."

Nikarudishwa chamani. Kisha tukabishana tuandikwe vipi. Mwenyekiti wetu wa wakati ule akataka namba ya shamba. Nikakataa: kesho shamba linagawiwa wana, namba itakuwa ya nani? Mwingine akasema namba ya kipande, kile kitambulisho cha serikali. Na akina mama, ambao serikali haijawapa kipande, maziwa yao wamwage? Karani akasema basi kila mtu apewe namba kwa zamu ya kuingia chamani, tarakimu tupu, na akifa isipewe mwingine. Hata huyo nilimshuku wiki nzima. Sikupata kosa.

Leo nasikia mnataka kuandikana kwa majina, eti tunajuana. Mimi siamini kujuana. Chukueni namba isiyosema kitu, haina cha kudanganya.

Namshukuru karani. Namshukuru wajina wangu, angeweza kunyamaza. Mama watoto yuko pale nyuma, yeye anajua.

Leo nina ng'ombe saba wa gredi, wale wa maziwa mengi, ekari tisa, nyumba ya mabati, watoto wanne waliomaliza shule, na mikebe mitatu yenye namba 41.