Mzee Pole na Pudini ya Kugeuza

Leo, wasikilizaji wapendwa, kama unatusikiliza ukiwa umekaa kwenye kiti cha kinyozi, mwombe asimamishe mkono kidogo. Tunamkumbuka mwenzake. Tunamkumbuka kinyozi ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Pole.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja. Wembe ukigusa shingo yako, kabla hujashtuka, yeye ameshasema, "Pole." Sabuni ikiingia machoni, "Pole." Ukimweleza kwamba mkeo amerudi kwao, "Pole," na mkono hautikisiki. Mteja mmoja aliwahi kumwambia kwamba amepandishwa cheo kazini. Mzee Pole akamjibu, "Pole." Na yule mteja anasema baada ya mwaka mmoja alikuja kuelewa kwa nini.

Alikuwa kinyozi. Alikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja chenye ufa, na benchi la kusubiria ambalo mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, mtu mnene akiingia, mwembamba anatoka. Alifungua asubuhi, akafunga giza likiingia, na hakuwahi kwenda likizo. Narudia: hakuwahi kwenda likizo. "Nywele hazina likizo," ndivyo alivyokuwa akisema.

Mkewe ni fundi cherehani, anashonea nyumbani. Tulipomtembelea alituambia, "Mimi niliolewa na mgongo wa mtu. Asubuhi nauona ukitoka, usiku nauona umelala."

Binti yao mkubwa ndiye aliyevunja mwiko. Aliwakatia tiketi za basi, akawalipia chumba kwenye nyumba ya wageni, katika mji mdogo ulio kando ya ziwa. Mzee Pole alikataa. Akazira. Akasingizia goti. Binti akamwambia, "Baba, goti lako litapanda basi, na wewe utalifuata." Wakaondoka. Mkewe alikuwa ameshona gauni jipya la njano, lenye mifuko miwili, la kutembelea ufukweni. Mzee Pole alifungasha mashine ya kunyolea.

Sasa mji ule, wasikilizaji wapendwa, una kitamu chake. Ni pudini ya maziwa na mayai, inayopikwa juu ya sukari iliyounguzwa mpaka ikawa rangi ya kahawa. Ikishapoa hugeuzwa juu chini kwenye sahani, na ile sukari inateremka mbavuni mwake taratibu. Wenyeji hawasemi pudini. Wanasema "ya kugeuza". Unakaa, unasema, "Nipe ya kugeuza moja," basi.

Mzee Pole aliionja mara tu basi lilipowashusha, kwenye mgahawa ulio mkabala na stendi. Huyu ni mtu aliyekuwa akinywa chai bila sukari kwa sababu kukoroga kunapoteza muda. Alitia kijiko mdomoni. Akaongeza kingine, na kingine tena. Kisha akamwita mwenye mgahawa, mama mmoja mwenye aproni ya maua.

"Mama, hii umeipika wewe?"

"Mimi mwenyewe, baba."

"Nzuri sana. Ila juu ina kipara."

"Ina nini?"

"Kipara. Hapa katikati sukari haijashika. Pembeni umechonga vizuri, nakupongeza. Hapa juu, pole."

Yule mama alijifuta mikono kwa utulivu wa kutisha. "Baba," akasema, "kama unataka yenye nywele, nenda kwa jirani."

Na Mzee Pole, ambaye kejeli ilikuwa ikimpita kama upepo, alishukuru, akaenda kwa jirani.

Hapo ndipo likizo ilipoharibikia. Ya jirani ilikuwa imenyooka mbele, lakini kisogo hakijaguswa. Kwa jirani wakamwambia bado hajala ya kugeuza mpaka ale ile ya nyuma ya posta. Nyuma ya posta wakamcheka, wakamtuma sokoni. Ya sokoni ilikuwa laini mno, "kama kichwa cha mtoto mchanga, mtu unaogopa kushika." Kesho yake akaanza upya, upande wa pili wa mji. Aliinama, akaitazama kila sahani kwa upande, jicho moja amelifumba, kama anavyolinganisha ndevu za kushoto na za kulia. Habari zikatembea kwamba kuna mzee anakagua pudini. Mgahawa mmoja ulipomwona kwa mbali ulitandika vitambaa vipya mezani. Mwingine ulifunga mlango, watu wakamsikia mwenye mgahawa akinong'ona ndani, "Ameshapita?"

Mkewe alikuwa nyuma yake muda wote. Nyuma, wasikilizaji, si pembeni. Kila mgahawa alikaa akiwa na gauni lake la njano, mkoba mapajani, akimtazama mumewe akila.

"Nilimwambia, mume wangu, ziwa liko kule," anakumbuka. "Akaniambia, ziwa halihami, pudini inaisha mchana."

Basi, lisemwalo lipo. Siku ya tatu, baada ya mgahawa ambao hata yeye hakujua ni wa ngapi, ya kugeuza ikamgeuza. Alikaa chini kwenye ukingo wa barabara, jasho linamtiririka, akisema haoni vizuri na tumbo linanguruma kama mashine isiyotiwa mafuta. Mkewe alisimamisha teksi, akamsukumia ndani, wakaenda hospitali.

Daktari alikuwa dada mmoja mwenye miwani. Akauliza, "Baba, umekula nini?"

"Kidogo tu," akasema Mzee Pole, akiwa amejikunja.

"Daktari," mkewe akaingilia, "usimuulize amekula nini. Muulize hajala wapi."

Akalazwa. Akatundikiwa maji. Mkewe akavuta kiti cha plastiki, akakaa kando ya kitanda. Hakufoka. Ingekuwa heri angefoka. Mzee Pole alizoea kuwa na kichwa cha mtu mbele yake na mazungumzo yakipitia kwenye kioo. Sasa hakukuwa na kichwa wala kioo. Ilimbidi amtazame mkewe.

Akamtazama weee. Akasema, "Hilo gauni ni jipya?"

"Nalivaa tangu juzi."

"Kumbe."

"Kumbe," mkewe akamjibu. Kisha lililokuwa kooni likatoka. "Migahawa yote ile, mume wangu. Kila mgahawa uliagiza sahani moja na kijiko kimoja. Hata mara moja hukuniambia, onja."

Mzee Pole alifungua mdomo. Wasikilizaji wapendwa, sote tunalijua neno lililokuwa pale ulimini. Hakulisema. Akafunga mdomo, akageukia ukutani. Mkewe anasema ndipo alipojua kwamba safari hii limemwingia.

Kesho yake tumbo lilitulia. Daktari akasema ale chakula laini, halafu aende zake. Mpishi wa hospitali, bwana mrefu aliyefunga kitambaa kichwani, akapita wodini na toroli. Akampa supu. Na pembeni ya supu akaweka kibakuli cha bati. Ndani ya kibakuli, ya kugeuza.

Mkewe alitaka kumrudisha yule mpishi, amechelewa. Mzee Pole ameshaigeuza kwenye sahani. Akaizungusha sahani. Haikuwa na kipara. Kisogo kilikuwa safi. Pembeni, mstari mmoja, kama umepitishwa na fundi. Akatia kijiko kimoja mdomoni, akafumba macho, na mkewe akakaribia kuita nesi.

"Ndiyo hii," akanong'ona.

Halafu akafanya jambo. Alikifuta kijiko kwa shuka, akakigeuza, akampa mkewe upande wa mpini.

"Onja."

"Sitaki."

"Onja, mama watoto. Tafadhali."

Akaonja. Akaonja tena. Fundi cherehani yule hakuinua uso mpaka sahani ikang'aa, kisha akakwangua hata kibakuli. Mzee Pole alimtazama tu. Mji mzima aliuzunguka kuitafuta pudini ile, na alipoipata alikula kijiko kimoja.

Hata hivyo, binadamu ni binadamu. Alimkimbiza mpishi koridoni.

"Ndugu yangu, niongeze moja."

"Ni ya wagonjwa, baba."

"Mimi ni mzima?"

"Umeruhusiwa asubuhi hii."

"Basi naumwa tena."

Daktari alikuwa akipita. Hakusimama hata. "Nyumbani, baba," akasema.

Jioni ile walitembea ufukweni. "Alinishika mkono," mjane wake anasema, "kama anavyoshika kichwa cha mtoto anayekataa kunyolewa. Lakini alinishika."

Waliporudi, kinyozi asiyekuwa na likizo alianza kufunga duka kila Jumanne. Nasema tena: kila Jumanne, duka limefungwa. Mlangoni alibandika kibao kwa mwandiko wake: Leo nimetoka na mke wangu. Wateja walilalamika, wakatishia kuhama. Bwana harusi mmoja aligonga mlango ule mpaka mikono ikauma, na alioa na nywele zake. Na Mzee Pole na mkewe hawakwenda mbali. Walikwenda kupiga picha. Walikwenda kukaa tu bustanini. Walikwenda kula, na bado mzee aliagiza sahani moja, maana tabia haiishi siku moja. Lakini vijiko viwili.

"Nilikuja kugundua mume wangu ni mchekeshaji," mjane anasema. "Miaka yote hiyo wateja ndio waliokuwa wakimfaidi."

Mzee Pole aliugua kwa muda mrefu, akafariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, mkewe akiwa pembeni. Pembeni, wasikilizaji, si nyuma.

Binti yake anatusimulia mazishi. Anasema walipofika makaburini aligeuka kuwatazama waombolezaji, akadhani macho yanamdanganya. Wanaume wote wa mtaa walikuwa na vichaka vichwani. Ndevu zimefika kifuani. Hata mwenyekiti wa mtaa, ambaye watu hawakujua kama bado ana nywele, alikuwa nazo. Tangu mzee augue, hakuna aliyekwenda kwa kinyozi mwingine. Kila mmoja alikuwa akisema, "Namsubiri apone."

Mjane naye akainua uso, akawaona. Akacheka. Alicheka pale pale, machozi yakimtoka, mpaka umati wote, na vichaka vyao, ukaanza kucheka na kulia naye.

Kwa niaba ya kipindi hiki, tunawapa mjane, binti na familia nzima mkono wa rambirambi. Mungu ampumzishe kinyozi wetu mahali pema.

Na wewe unayetusikiliza, je, kuna mtu umekaa naye meza moja sasa hivi? Umeona leo amevaa nini? Punguza redio, hatutakasirika. Mgeukie.