Chai Baridi Anakabidhi Funguo za Gari la Zimamoto

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kikosi cha zimamoto cha uwanja wetu wa ndege, kiongozi wa zamu ya asubuhi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wengi wenu hamlijui hata jina lake kamili. Mnamjua kama Chai Baridi.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kikosini kuna desturi kwamba ndege ikianza kukimbia ili iruke, aliye zamu hutoka nje na kuitazama mpaka magurudumu yaache ardhi. Wengine huchungulia dirishani, hasa mvua ikinyesha. Yeye hutoka, hata kwa kindege cha watu wawili, na kikombe chake hubaki mezani kikipoa. Hakuna aliyewahi kumwona akinywa chai ya moto.

Alianza kazi kwenye dawati la mizigo iliyopotea, akachoka kugombezwa kwa masanduku ambayo hakuyapoteza yeye, akaomba kuhamia zimamoto. Walimcheka. Alipofaulu mtihani wa kuendesha gari kubwa, wale wale wakaanza kumwomba lifti. Hakukosa vituko pia. Siku moja ya mazoezi alibonyeza swichi siyo, akalimwagia povu gari jipya la meneja, madirisha yakiwa wazi na meneja akiwa ndani. Mpaka leo anashikilia kwamba gari lilikuwa chafu.

Kuna asubuhi moja ambayo siwezi kuiacha. Ndege ndogo ya kampuni, yenye abiria sita na marubani wawili, ilikuwa inaondoka. Rubani mkuu alikwenda kuchomoa pini inayofunga mkia ndege ikiwa imeegeshwa, na kabla hajaifikia, abiria mmoja akamwita kuhusu begi lake. Alipomalizana naye akapanda, akiamini pini ameshaichomoa. Abiria walikuwa na haraka, usukani haukujaribiwa. Tukaimaliza karibu njia nzima ya kurukia, pua ikagoma kuinuka kwa sababu mkia ulikuwa bado umefungwa, breki zikakanyagwa kwa kuchelewa. Tulivunja uzio tukaishia mtaroni, bawa la kulia limekatika na mafuta yanawaka.

Nasema "tuli" kwa sababu rubani msaidizi nilikuwa mimi, na Chai Baridi ni dada yangu wa tumbo moja.

Alikuwa nje, kama kawaida yake, kwa hiyo gari lake lilitufikia king'ora kikiwa ndiyo kwanza kinaanza kulia. Mguu wangu ulikuwa umebanwa na moto unaingia kwa chini. Nilimwona kupitia kioo. Naye aliniona, tukatazamana macho kwa macho. Kisha akalipitisha gari mbele yangu, akaelekeza povu kwenye viti vya abiria. Kanuni ndivyo isemavyo: anza penye watu wengi. Wote sita walitoka. Ndipo akaja kwetu na msumeno, yeye mwenyewe, akatutoa sote wawili. Uhai nilibaki nao, mguu wa kushoto haukuokoka.

Mama alimnunia mwaka mzima. Alisema hao sita si ndugu zake, na kwamba mwanawe angekuwa na miguu miwili. Dada hakujitetea. Kila alipotoka zamu alikuja hospitali akinuka dizeli, akaninyoa ndevu, tena vibaya. Siku moja nilimuuliza: yakitokea tena, je?

"Vilevile," akasema, huku ananitengenezea mto na machozi yanamtoka.

Nilikasirika, sitaficha. Hasira ilinitoka polepole, baada ya kuanza kazi kitengo cha usalama hapa uwanjani. Mmoja wa wale abiria alikuja ofisini na mkewe kunishukuru, kwa kuwa yeye alitolewa kwanza mimi nikingoja motoni. Siku hiyo nilimpigia dada simu, nikamwambia kwamba alifanya sawa.

Kiongozi wetu, kwa niaba ya kikosi na wafanyakazi wote, asante. Umetufundisha kazi bila kutupigia kelele, isipokuwa tulipostahili. Nenda kapumzike, ulale mpaka jua likuamshe, na afya isikupige chenga.

Abiria wote sita wamealikwa kwenye sherehe ya Ijumaa, na meza yao iko mbele. Mama alikuwa amewekewa kiti kwenye meza ya familia. Jana alinipigia simu akaomba kihamishwe. Anataka kukaa na wale sita.