Aliyetaka Kujua Nani Alifurahi

Baada ya miaka thelathini na minne katika Idara ya Kumbukumbu, Shangazi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi, lakini hapa masjala hata mkurugenzi humwita Shangazi. Waliojaribu kumwita Bi Mtunza Kumbukumbu walijibiwa kwa kikohozi.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Mashine yake ilipoharibika, akapelekwa chumba cha chini kupanga madaftari ya vizazi, kwa wiki mbili tu, fundi amalize kazi. Fundi hakurudi, na Shangazi hakupanda tena ngazi. Huko chini alikuta kazi ya maisha yake: kuwasaidia watu wanaotafuta walikotoka. Kuhusu usafi wa meza yake tunyamaze. Miwani yake imewahi kupatikana ndani ya faili la ukoo wa watu.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao haukuwa na mjadala. Kabla ya kugusa daftari lolote, alimwuliza mgeni nani alimpa jina, na kwa nini. Wenye haraka walikereka. Yeye alisema daftari linajua ulizaliwa lini, lakini jina ndilo linalojua nani alifurahi. Kuna siku fundi umeme alikuja kubadilisha taa. Akaulizwa, akajibu, akaulizwa tena. Jioni aliondoka akiwa amempata babu wa mama yake, na taa iko vilevile. Tulitumia tochi hadi Jumatatu.

Siku yake kubwa, kwetu tuliokuwepo, ni ile walipoingia wachumba wawili macho yamewavimba. Kadi za harusi zilikwishagawiwa. Ndipo baba mkubwa wa kijana aliposikia kwamba marehemu babu wa binti aliitwa Mwashi, na wao wenyewe ni ukoo wa Mwashi, mzee aliyejenga nusu ya mtaa wao wa zamani. Akatangaza kwamba hao ni ndugu wa damu, na harusi haipo.

Shangazi alipekua na kuona kwamba babu wa binti alikuwa mtoto wa mshona viatu. Baba mkubwa, aliyekuja nyuma yao kuhakikisha hadanganywi, hakukubali. Karatasi, alisema, huandikwa na watu, na watu wana mambo yao. Mimi ningemwonyesha mlango. Shangazi alimmiminia chai, akaagiza bibi wa binti aletwe, kisha akamwuliza swali lake lilelile: marehemu mumeo alipewa jina na nani, na kwa nini?

Bibi alieleza kama anayesimulia ya jana. Mama mkwe wake alishikwa na uchungu njiani, mvua ikimwagika. Mwashi mmoja na mkewe wakamwingiza jikoni kwao, akajifungua salama. Kwa shukrani, mtoto akapewa jina la mwenye nyumba.

Baba mkubwa akaruka kitini. "Kumbe ndiye mtoto wa mvua!"

Mke wa yule mwashi alikuwa bibi yake mwenyewe, na alikufa akijiuliza kama kale katoto kaliishi. Mzee akalia, akacheka, akasahau chai yake, kisha akadai kiti cha mbele harusini. Akapewa.

Mwaka uliofuata maharusi hao walishuka ngazi zetu wakiwa na mtoto wa kike. Wamempa jina la Shangazi, lile la kwenye faili la utumishi. Shangazi hakujaliwa mtoto, na hajawahi kulilalamikia hilo mbele yetu. Alimpakata kichanga, akaanza kuuliza nani alimpa jina, na kwa nini. Ndiyo mara pekee tuliyomwona akiuliza huku jibu analijua, na akashindwa kulimaliza swali.

Shangazi, asante kwa subira, kwa chai, na kwa kutufundisha kuuliza. Kapumzike kwa afya na furaha, na taa isikusumbue, tumeweka mpya. Siku moja, sote tukiwa hatupo, mtu atashuka ngazi zile kuuliza kwa nini binti wa ukoo wa Mwashi alibeba jina lisilo la kwao. Atakayekuwa mezani atamketisha, atammiminia chai, na kumweleza nani alifurahi.