Shikamoo ya Dada Cecilia

Ndugu mliopanda nasi mlima hadi hapa Nyandira, huyu tunayemsindikiza ni dada yetu Cecilia Athanas Mloka, aliyezaliwa hapa hapa tarehe 14 Agosti 1966, mtoto wa tatu wa mzee Athanas na mama Yuliana, akasoma shule ya msingi ya kijijini hadi 1980, kisha sekondari ya Kilakala hadi 1984.

Mwaka 1987 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo mjini Morogoro, ambako fundi Halidi, aliyemzidi umri kwa miaka kumi na miwili, alimfundisha kazi ya mashine za kufuma, na tarehe 4 Mei 1991 Cecilia akafunga ndoa na mwalimu Castory, wakajaliwa mabinti Joyce na Brenda.

Machi 1998 alipandishwa cheo, akawa msimamizi wa idara, Halidi akiwa chini yake, na kwa kuwa aliambiwa bosi haamkii wa chini yake, asubuhi ya kwanza alimpita na "Habari za kazi" kavu, naye Halidi akaitikia kwa sauti, "Marahaba, mwanangu!", idara nzima ikaangua kicheko. Wiki ile nyuzi zilikatika, mashine zikasimama, wala hakuna aliyemwita, hata akamwambia Castory kwamba atakirudisha cheo. Jumatatu, kabla ya kukirudisha, alimwendea Halidi mbele ya wote, akamwamkia, na Halidi akasema, "Marahaba, bosi. Haya, tupange kazi."

Tangu 2006 hadi alipostaafu 2021, kiwanda kilimkabidhi kila msimamizi mpya amlee, naye swali lake la kwanza lilikuwa, "Umemzidi nani cheo, naye kakuzidi umri?", kisha alimtuma akamwamkie mtu huyo kabla hajakalia kiti. Aliwafundisha kumsikiliza mtu hadi amalize, kumsifu hadharani na kumkosoa faraghani. Godlisten, mmoja wa aliowalea, leo meneja, husimulia alivyorudishwa getini kumwamkia mlinzi.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2024. Siku chache kabla hajatutoka tarehe 9 Juni 2025, Halidi alifika wodini, akainama, akasema, "Shikamoo, bosi." Cecilia hakukubali kuitikia, akakusanya pumzi, akasema, "Shikamoo, kaka," wakabaki hivyo wameshikana mikono, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani zake wa mtaa wa Kilakala mjini Morogoro, na ninyi mliofanya naye kazi.

Dada, leo huna wa kumtangulia kwa salamu, itikia tu: shikamoo. Upumzike kwa amani.